Kerneli Imekataa Kubuti? Weka Chini Hiyo Flashi ya Kufomati

Nitasema wazi ili tusipotezeane muda. Kompyuta ya Linux ikikataa kubuti baada ya wewe kukompaili kerneli mpya, kuifomati ni ujinga. Si kuokoa muda, na wala si ufundi. Ni ujinga, na unafundishwa kila siku na watu wanaojiita mafundi.

Najua kuna watakaonuna. Wanune tu. Nimeliona jambo hili vyuoni, maofisini na kwenye vibanda vya kompyuta hapa Nairobi mara nyingi mno, na sasa kunyamaza kumenishinda. Mtu anajifunza, anajaribu, mashine inamwagia maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, anashtuka, anaibeba mbio hadi kwa fundi. Fundi hasomi hata mstari mmoja. Anachomeka flashi, anafuta diski, anaweka mfumo upya, anapokea pesa zake. Mashine inawaka, kila mtu anatabasamu. Halafu mwenye mashine anauliza, "Na mafaili yangu je?"

Kuna mwanafunzi mmoja namfahamu, wakati huo alikuwa mwaka wa nne. Mradi wake wa kumaliza shahada ulikuwa kuandika draiva ya kifaa cha USB, kwa hiyo ilimbidi akompaili kerneli yake mwenyewe. Akakompaili, akawasha upya, skrini ikaganda. Fundi "akamsaidia". Msimbo wa miezi mitano ukaenda, ripoti ikaenda, na nakala pekee aliyobaki nayo ilikuwa ya zamani kwenye barua pepe. Baadaye tulikaa naye tukarudia hatua zake moja baada ya nyingine. Tatizo lilikuwa nini? Hakuwa ametengeneza initramfs ya kerneli mpya. Amri moja tu! Haichukui hata muda wa kuchemsha chai.

Hicho ndicho kinachonikera. Mashine haikuwa imeharibika. Kilichoharibu kazi ya yule kijana ni "matengenezo".

Kwanza tujue ni nini hasa kimeguswa

Kerneli ni kiini cha mfumo. Ndiyo programu inayokaa kati ya vifaa vya mashine na kila kitu kingine: inagawa kumbukumbu, inazungumza na diski, inaamua programu gani ipate prosesa na kwa muda gani. Linus Torvalds alitangaza ya kwake mnamo Agosti 1991, akiwa mwanafunzi kule Helsinki, na hadi leo msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, kuubadilisha na kuukompaili.

Sasa sikiliza vizuri. Pamoja na ukubwa wote wa jina hilo, kwenye diski yako kerneli ni faili moja ndani ya /boot, ambalo jina lake huanza na vmlinuz. Pembeni yake kuna faili la initramfs, yaani mfumo mdogo wa muda unaopakiwa pamoja na kerneli ili uisaidie kuifikia diski. Halafu kuna folda ya moduli ndani ya /lib/modules. Basi. Unapoandika make modules_install kisha make install, unaongeza vitu hivyo na kubadilisha orodha ya GRUB. Nyaraka zako, picha zako na msimbo wako ndani ya /home havijaguswa hata kidogo.

Na kuna jambo zuri zaidi: ukiipa kerneli mpya jina lake tofauti, ile ya zamani bado iko palepale. Washa mashine, fungua menyu ya GRUB, ingia "Advanced options", chagua kerneli iliyokuwa ikifanya kazi jana. Ubuntu huificha menyu hiyo. Kwenye mashine za BIOS shikilia Shift wakati wa kuwasha, kwenye za UEFI bonyeza Esc. Mara nyingi sana habari inaishia hapo. Umerudi kwenye mashine yako, mafaili yako yapo, na sasa unaweza kutafuta tatizo ukiwa umetulia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi wetu hajui hata kama kuna ufa. Yeye anabomoa nyumba nzima, kisha anakudai pesa za kujenga upya.

Skrini inaongea, wewe husomi

Watu huniambia, "Lakini ilileta makosa mengi sijui ya nini." Mengi? Hebu tuyatazame. Kwa uzoefu wangu, yanayotokea mara kwa mara baada ya kukompaili kerneli hayafiki hata kumi, na mengi yanajieleza.

Maarufu kuliko yote ni hili:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Inatisha, sivyo? Kumbe maana yake ni nyepesi: "Mimi kerneli nimewaka salama, lakini sijaipata sehemu ya diski yenye mfumo wako." Na zile namba mbili mwishoni hazikuwekwa kwa urembo. Namba ya kwanza ni aina ya kifaa, ya pili inataja sehemu. Ukiona (0,0), kerneli haijatambua diski uliyoielekeza. Ukiona (8,1), imeitambua sda1, lakini imeshindwa kuusoma mfumo wa mafaili uliomo. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa zenye dawa mbili tofauti. Mistari michache juu ya hapo, kerneli mara nyingi huwa imeorodhesha sehemu za diski inazoziona. Orodha ikiwa tupu, draiva ya diski haipo. Orodha ikiwa na diski yako, basi anwani uliyoipa ndiyo yenye kasoro.

Kwa nini draiva ikosekane? Kwa sababu unapopanga kerneli, kila kitu unakipa y, m au n. Y ni kujengwa ndani ya kerneli. M ni kuwa moduli, faili la pembeni linalopakiwa baadaye. N ni kuachwa kabisa. Sasa weka draiva ya diski kuwa moduli, kisha usahau kutengeneza initramfs. Moduli ya kusomea diski iko wapi? Iko ndani ya diski ambayo bado haiwezi kusomwa! Ni kama kufungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku lenyewe. Dawa ni mojawapo ya mbili. Ama utengeneze initramfs (Debian na Ubuntu: update-initramfs -c -k na namba ya toleo, kisha update-grub, Fedora: dracut), ama uweke y kwenye CONFIG_BLK_DEV_NVME au CONFIG_SATA_AHCI kulingana na diski yako, na y nyingine kwenye CONFIG_EXT4_FS ikiwa mfumo wako ni ext4.

Na hapa kuna mtego unaowanasa hata waliosoma. GRUB huandika anwani ya diski kwa UUID. UUID ya mfumo wa mafaili haieleweki na kerneli yenyewe. Inayoielewa ni initramfs. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka draiva zote ndani, akaamua initramfs haina haja, akaacha root=UUID kama ilivyokuwa, na bado akapata (0,0). Bila initramfs tumia PARTUUID au jina la kifaa moja kwa moja.

Twende mbele. Ukijikuta kwenye alama ya (initramfs) baada ya onyo kwamba diski fulani "does not exist", usikimbie. Hiyo si kaburi, ni karakana. Andika cat /proc/partitions. Kisha andika blkid. Diski haionekani kabisa? Moduli yake haikuingia. Inaonekana ikiwa na UUID nyingine? Rekebisha anwani. Ni diski ya nje ya USB inayochelewa kuamka? Ongeza rootdelay=10 kwenye mstari wa GRUB.

Skrini nyeusi tupu bila neno lolote? Usiizike mashine kabla haijafa. Bonyeza Caps Lock uone kama taa inabadilika. Ijaribu kwa ssh kutoka mashine nyingine. Mara nyingi kila kitu kinafanya kazi isipokuwa picha. Kwenye GRUB bonyeza e, futa maneno quiet na splash, ongeza nomodeset, kisha bonyeza F10. Wenye kadi za Nvidia wanaotumia draiva ya kampuni wakumbuke kwamba moduli yake lazima ijengwe upya kwa kila kerneli mpya. Ndiyo kazi ya DKMS.

Ukiona "bad shim signature", kerneli yako haina kasoro yoyote. Hiyo ni Secure Boot, iliyoenea kwenye kompyuta tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012. Mashine inakubali tu kerneli iliyotiwa sahihi na anayetambulika. Ubuntu hutia sahihi kerneli zake. Ya kwako umeikompaili sebuleni, nani ameitia sahihi? Laptop nyingi zilizotumika tunazonunua hapa mjini, zile za ex-UK, zina kitu hiki, na mwenye nayo hajawahi kukisikia. Unaweza kuizima kwenye mipangilio ya UEFI, au utengeneze ufunguo wako, uusajili kwa mokutil na utie sahihi mwenyewe. Ikiwa mashine hiyo ina Windows pia yenye BitLocker, hakikisha unao ufunguo wa uokoaji kabla ya kugusa chochote, maana unaweza kuulizwa.

Na GRUB ikilia "out of memory", au ukikuta /boot imejaa pomoni? Tazama ukubwa wa initramfs yako. Ukikompaili kwa mipangilio ya distro, moduli hutoka zikiwa na taarifa zote za kusakia makosa, zimevimba mara nyingi ya ukubwa wake wa kawaida. Andika make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install, tengeneza initramfs upya, na utashangaa itakavyokonda.

Haya niambie: kati ya hayo yote, ni lipi linalotibiwa kwa kufuta diski? Hakuna hata moja! Kufomati "kunafanya kazi" kwa sababu kunaleta kerneli ya distro iliyopangwa vizuri na watu wengine. Kerneli hiyohiyo ulikuwa nayo tayari, mistari miwili chini kwenye menyu ya GRUB.

"Lakini muda ni pesa, bwana"

Hoja hii naiheshimu, kwa hiyo niijibu vizuri. Muda gani huo unaookolewa? Ukifomati unahitaji picha ya mfumo. Ya Ubuntu 24.04 pekee inapita GB 5. Anayenunua bando anajua GB 5 ni nini. Kisha kuna masasisho, programu zako zote, mipangilio yako, nywila zako, funguo zako za SSH. Siku nzima imekwisha, na bado hujui kilichotokea. Kesho utakompaili tena kwa mipangilio ileile, na mashine itakataa kubuti kwa sababu ileile. Utafomati tena?

Sasa linganisha. Ingia kwa kerneli ya zamani. Piga skrini ya kosa picha kwa simu kabla hujazima mashine, maana hiyo ndiyo ripoti yako ya daktari. Ukiisoma umepata nusu ya jibu. Nusu nyingine, linganisha mipangilio yako mipya na ile iliyokuwa ikifanya kazi, iliyohifadhiwa kwenye /boot kwa jina linaloanza na config. Ndani ya msimbo wa kerneli kuna hati ndogo, scripts/diffconfig, inayokuonyesha tofauti tupu. Ukitumia make localmodconfig kupunguza kazi, kumbuka inabakiza moduli zilizopakiwa wakati huo tu. Kifaa ambacho hakikuchomekwa kitakosa draiva, na lawama zitaiangukia kerneli bure.

Na kama hakuna kerneli ya zamani, umeifuta? Bado hufomati. Chukua flashi ileile ya fundi, ibuti, chagua kujaribu mfumo bila kuuweka. Panda diski yako kwenye /mnt, na kama /boot au /boot/efi ziko kwenye sehemu zake nazo uzipande mahali pake. Funga /dev, /proc na /sys kwa mount --bind, kisha andika chroot /mnt. Uko ndani ya mfumo wako kana kwamba umebuti kawaida. Kama mtandao unafanya kazi, weka kerneli ya distro kwa apt, andika update-grub, washa upya. Flashi anayotumia kufuta kazi yako ndiyo hiyohiyo ingeiokoa. Tofauti ni anayeishika.

"Na nani anakompaili kerneli siku hizi?"

Swali zuri pia. Wengi wenu hamna haja, na sitawadanganya. Kerneli ya distro inatosha kwa barua, sinema na hata kazi kubwa za programu. Ikiwa mashine yako inafanya kazi na huna sababu, iache.

Lakini wako wenye sababu. Anayeandika draiva. Anayetengeneza kifaa cha kupimia maji au umeme na anataka kerneli ndogo inayotosha kwenye ubao wake. Anayetafuta hitilafu iliyoingia kati ya matoleo mawili. Na yule anayetaka tu kujua chini ya sakafu kuna nini. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 kwenye orodha ya zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa na Linux. Simu za Android zilizojaa mifukoni mwetu zina kerneli hiyohiyo. Tunajisifu kila siku kwamba sisi ni Silicon Savannah, halafu mhitimu wa sayansi ya kompyuta anaona kernel panic na kukimbilia kibandani? Aibu gani hii?

Walimu wetu nao wasijifiche nyuma ya fundi. Mtihani unauliza, "Eleza kazi nne za kerneli." Mwanafunzi anakariri, anaandika, anapata alama zake. Hajawahi kuona moja ikikataa kuwaka. Mimi ningependa mtihani wa namna nyingine: hii hapa mashine pepe ya QEMU au VirtualBox, tumeiharibu makusudi, una saa mbili, iamshe kisha uandike kilichokuwa kimeiua. Haihitaji maabara mpya wala ufadhili. Na anayeiharibu zaidi haharibu chochote cha mtu.

Kuna jambo zito nyuma ya yote haya. Tabia haina swichi ya kuizima ukiingia kazini. Anayezoea kufomati laptop yake leo, kesho ataajiriwa na SACCO au hospitali, na saa nane usiku seva itakataa kuwaka baada ya kubadilishiwa kerneli. Humo ndani mna akiba za walimu, mna rekodi za wagonjwa. Hapo atafanya nini? Atafanya alichozoea. Nakala za akiba? Tunajua wote jinsi zinavyotunzwa: zipo kwenye karatasi ya sera, na hakuna aliyewahi kujaribu kuzirejesha.

Sisemi kufomati ni haramu siku zote. Mfumo wa mafaili ukiwa umeharibika kiasi cha kutotengenezeka, au ukitaka kuhamia distro nyingine, fomati. Lakini nakili mafaili kwanza. Na kama diski yenyewe inakufa, smartctl itakudokezea, na hapo kuifomati hakuifufui. Kunamalizia tu pumzi iliyobaki, ambayo ungeitumia kuokoa data.

Kwa hiyo ninyi mnaopeleka mashine kwa mafundi, nanyi mafundi wenyewe, kabla ya diski kufutwa pawe na majibu ya maswali matatu. Mashine imesema nini kwenye skrini, neno kwa neno? Kerneli ya zamani ilijaribiwa? Mafaili yamenakiliwa wapi? Fundi akikosa jibu la hata moja kati ya hayo, mshukuru kwa muda wake, funga laptop yako, uondoke nayo.